Aya ya saba

Alhamisi, wiki ya sita ya muhula

Mwandishi wa habari mkongwe akipewa darasa la kufundisha chuoni, mtego wa kwanza ni visa vyake. Anavyo vingi, na vitamu. Darasa litacheka kipindi kizima cha saa mbili, kisha litaandika intro, yaani sentensi za kufungulia habari, ile ile mbovu. Mkono uliozoea umesahau hatua zake: kwenye chumba cha habari ilitosha kuitazama stori na kujua imepinda, lakini darasani inabidi useme imepinda sentensi ya ngapi, kwa nini, na ilipaswa kuanza na nini.

Kwa hiyo visa vibaki mgahawani. Ubaoni iandikwe aya mbovu. Ya wiki hii ni ya zoezi, lakini kila msomaji wa magazeti yetu ataitambua: “Wananchi wametakiwa kutunza miundombinu ya maji ili iweze kudumu. Wito huo ulitolewa jana na mgeni rasmi katika hafla ya uzinduzi wa kisima.” Zinafuata shukrani, salamu na kaulimbiu. Aya ya saba ndiyo inayotaja, kama kwa bahati mbaya, kwamba kisima kimegharimu Sh48 milioni, kinategemewa na kaya 312 zinazonunua maji kwa Sh500 ndoo moja, na pampu bado haijafungwa. Maji hayatoki! Watu wamekata utepe wa shimo.

Mwanafunzi anayeandika hivi si mvivu. Daftari lake limefuata itifaki ya hafla, naye amefuata daftari. Tena magazeti yenyewe humfundisha hivyo kila asubuhi. Dawa ni kufunga daftari na kumsimulia jirani yako kwa sentensi moja. Hakuna anayefika nyumbani akasema “wananchi wametakiwa”. Atasema wamezindua kisima hakina pampu. Hiyo ndiyo intro. Ikisafishwa inakuwa: “Kisima kilichogharimu Sh48 milioni kilizinduliwa jana bila pampu, huku kaya 312 zikiendelea kununua maji kwa Sh500 ndoo moja.” Maneno 18, na mgeni rasmi atapata nafasi yake aya ya nne.

Hapo ndipo kazi inaanza. Pampu ilikuwa kwenye mkataba? Mkandarasi ameshalipwa kiasi gani? Diwani anasemaje? Kizazi hiki hutuma ujumbe mmoja wa WhatsApp, kisha huandika “hakupatikana”. Hiyo haitoshi. Piga mara tatu, saa tofauti, uandike saa hizo kwenye daftari, halafu tuma swali lenyewe kwa meseji. Ukishtakiwa, ukurasa huo wa daftari ndio utakaokusemea.

Kusahihisha ndiko kunakovunja mgongo. Wanafunzi 90, stori moja kila mmoja, dakika 12 kwa stori: saa 18. Mhariri msanifu hana hesabu hiyo, kwa sababu hurekebisha mwenyewe na gazeti linaenda mtamboni. Mwandishi huona kosa lake kesho yake, akitaka. Chuoni ukirekebisha wewe, umejifunza wewe. Naona heri kupiga mstari chini ya kosa bila kuandika jibu, kuishia aya tatu za kwanza, na kutoa nusu ya alama kwa rasimu ya pili. Mwanafunzi anayepewa 54 bila rasimu ya pili huondoka na 54 tu.

Makosa mengine ni madogo kwa sura. Taarifa ya Kiingereza imesema mkutano ni “8:00 am”, mwanafunzi ameandika saa 8 asubuhi. Ni saa 2. Nauli imepanda kutoka Sh2,000 hadi Sh3,000, ameandika asilimia 33. Ni 50, kwa kuwa unagawa kwa bei ya zamani. Hiyo 33 ni ya safari ya kurudi, nauli ikishuka kutoka Sh3,000 hadi Sh2,000. Na “mwizi akamatwa” haliandikwi: akiwa mikononi mwa polisi ni mtuhumiwa, akisomewa mashtaka ni mshtakiwa, na wizi wake utathibitika akitiwa hatiani.

Habari ya bahasha ya fedha za “nauli” ambayo waandishi hupewa na waandaaji wa hafla nayo huulizwa kila muhula. Jibu ni fupi: nauli hulipwa na chombo chako cha habari. Swali gumu ni lile linalofuata, kwamba mwandishi wa kujitegemea hana chombo cha kumlipa, na hapo maadili pekee hayampandishi daladala.

Wiki ijayo ni mahakamani, Kisutu, Dar es Salaam. Kalamu mbili, simu zimezimwa. Hakuna kutoka bila namba ya kesi, majina kamili, umri, jina la hakimu, wakili wa kila upande, kifungu cha sheria, masharti ya dhamana na tarehe ya kurudi. Kosa la kutarajia nalijua tayari. Kesi ikiwa ya uhujumu uchumi, nusu ya darasa litaandika “alikana mashtaka”, kwa mazoea. Mara nyingi mshtakiwa huyo hakutakiwa kujibu chochote, kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Asiyesikia sentensi hiyo ya hakimu atamwekea mtu kinywani neno ambalo hakulitamka.