Shikamoo iliyoniuma

Leo asubuhi nimempa wakala wangu wa akili mnemba, yaani programu inayonisomea na kunijibia barua za duka, anwani yake mwenyewe ya barua pepe.

Mwanzo alikuwa anaingia kwenye yangu. Nikaogopa. Mle mna barua za benki, majibu ya hospitali ya mama, kila kitu. Na mtu mbaya anaweza kuficha maagizo ndani ya barua, programu ikayasoma na kuyatii kana kwamba ni mimi niliyeyatoa. Kwenye anwani yake haoni ila oda za vitenge.

Saa nane mchana nikafungua kuona anaendeleaje.

Kijana anayetuletea mzigo alikuwa ameandika: "Shikamoo mama."

Na programu ikajibu: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nilikaa kimya dukani, simu mkononi. Yule kijana ametoa heshima yake kwa moyo mweupe, na hakukuwa na mtu wa kuipokea.

Nimempigia nikamweleza. Akasema, "Haina shida, mama." Lakini mimi imenikaa rohoni.

Sasa kila barua inaanza hivi: "Mimi ni programu ya kompyuta, namsaidia mwenye duka."

Ndugu zangu, nyie mngependa kuambiwa mapema? Na shikamoo aijibu, au aiache?