Kumbukumbu ya mradi wangu: ramani ya Roanoke na maili 50 za John White

Februari, wiki ya pili

Nilikuwa nikisoma habari za uchimbaji uliofanyika katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, nikagundua kwamba Mark Horton, mwanaakiolojia aliyeuongoza, ndiye yule yule aliyekwenda miaka mingi baadaye kuchimba katika kisiwa cha Hatteras, pwani ya North Carolina nchini Marekani, akitafuta mabaki ya Waingereza waliopotea baada ya mwaka 1587. Mimi nilifanya kazi ya upimaji wa ardhi hadi nilipostaafu, na mazoea ya kazi hiyo hayajanitoka: habari yoyote inayotaja masafa naitafutia mahali pake kwenye karatasi. Nimeamua basi kuchora ramani moja kubwa itakayoonyesha kila mahali palipochimbwa katika utafutaji huo, na kando ya kila alama kuandika kilichopatikana na uzito wa ushahidi wake.

Kabla ya kuchora naweka kumbukumbu ya mambo ya msingi. Mwezi wa Julai 1587 walowezi wapatao 115, wanaume kwa wanawake na watoto, waliteremshwa katika kisiwa cha Roanoke, ingawa walikuwa wamekusudia kwenda mbali zaidi kaskazini, katika ghuba ya Chesapeake. Gavana wao alikuwa John White, mchoraji aliyewahi kufika huko mwaka 1585 pamoja na kikosi cha Ralph Lane, Waingereza waliokaa Roanoke kabla ya hawa. Tarehe 18 Agosti binti yake, Eleanor Dare, alijifungua mtoto wa kike aliyeitwa Virginia, na siku tisa baadaye White akapanda meli kurudi Uingereza kutafuta msaada. Vita na Hispania vilimzuia. Aliporejea Agosti 1590, alikuta nyumba zimebomolewa na kuondolewa, mahali pamezungushiwa boma la magogo, na kwenye nguzo mojawapo limechongwa neno CROATOAN. Kwenye mti karibu na ufuo palikuwa na herufi tatu tu, CRO. Walikuwa wamepatana kwamba wakihama wachonge jina la waendako, na wakihama kwa dhiki waongeze alama ya msalaba. Msalaba haukuwapo. Croatoan ni kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Hatteras, kwao Manteo, mwenyeji aliyekuwa rafiki wa Waingereza. Dhoruba ilimzuia White kufika huko, naye hakuiona tena familia yake.

Machi, wiki ya kwanza

Kazi ya kwanza ilikuwa kuipachika ramani ya White, iitwayo La Virginea Pars, juu ya picha ya setilaiti ya pwani ile. Ramani hiyo, iliyotokana na upimaji wa 1585 na 1586, inahifadhiwa katika British Museum, na picha yake nzuri inapatikana kwenye intaneti. Nilichagua vituo tisa ninavyovitambua katika ramani zote mbili, nikaiamuru programu ya ramani ivioanishe, na matokeo yake yakawa aibu tupu: Roanoke ilitua nchi kavu, na nusu ya visiwa vya nje ikaelea baharini.

Kosa lilikuwa langu. Vituo vitano kati ya vile tisa nilivichukua kwenye mkanda wa visiwa vya mchanga vinavyoikinga ghuba, na mchanga hautulii. Milango ya bahari ambayo meli za White zilipitia mingine imekwisha kuzibwa, na dhoruba zimefungua mipya mahali ambapo zamani palikuwa na nchi. Mtu aliyepima viwanja vilivyo karibu na ufuo alipaswa kulijua hilo bila kufundishwa. Nimevifuta vituo vile vitano, nikabaki na midomo ya mito na rasi za bara, na sasa ramani imekaa vizuri zaidi, ijapokuwa upande wa kusini bado unavutika.

Machi, wiki ya nne

Leo nimepima jambo lililonisumbua tangu mwanzo. White aliandika kwamba, kabla hajaondoka, walowezi walikuwa wamejiandaa kuhama kutoka Roanoke kwenda maili 50 ndani ya bara. Nimechora duara la kilomita 80 kutoka kwenye ncha ya kaskazini ya Roanoke nione linagusa nini.

Kusini, Buxton katika kisiwa cha Hatteras, ambako wachimbaji wanaitafuta Croatoan, ni umbali wa kilomita 75 hivi kwa mstari ulionyooka. Magharibi, mdomo wa Salmon Creek, mwisho kabisa wa ghuba ya Albemarle, ambako nako wamechimba, ni umbali wa karibu kilomita 90. Sehemu zote mbili zinakaribiana na duara langu! Na duara lenyewe halina haki ya kuwa mstari mwembamba, kwa kuwa maili ya Kiingereza ilikuja kuwekwa sawasawa kwa sheria mwaka 1593, na kabla ya hapo kila mtu alikuwa na maili yake. Nimelipaka kwa penseli pana kama mkanda. Hoja ya masafa peke yake haiwezi kumpa ushindi yeyote. Linalobaki ni lile neno "bara", ambalo linaelekea Salmon Creek, dhidi ya neno lililochongwa kwenye nguzo, ambalo linaelekea kisiwani. Lakini "bara" ilikuwa nia ya mwaka 1587, na nguzo ilichongwa na watu waliokuwa wakiondoka kweli. Mimi naipa nguzo uzito zaidi.

Aprili

Nimeshughulikia Roanoke yenyewe, na ni kazi inayovunja moyo. J. C. Harrington wa shirika la hifadhi za taifa la Marekani alichimba hapo tangu mwaka 1947, akafuatilia handaki la boma dogo la udongo, nalo likajengwa upya mwaka 1950 kwa ajili ya wageni. Kati ya 1991 na 1993 Ivor Noël Hume alichimba karibu na boma hilo, akapata vipande vya vyungu vya kuyeyushia madini, mabaki ya shaba na ya vyombo vya kutonesha dawa: karakana ya uchunguzi iliyotumiwa na mwanasayansi Thomas Harriot na Joachim Gans, fundi wa madini kutoka Prague. Hao, hata hivyo, ni watu wa 1585. Nyumba za wale wa 1587, ambazo ndizo ninazotaka kuzitia alama, hazijapatikana. Ufuo wa kaskazini wa kisiwa umeliwa na maji kwa zaidi ya karne nne, na huenda kitongoji, au sehemu yake, kiko chini ya bahari. Kwa hiyo upande huo wa ramani nimeuacha bila wino.

Mei, wiki ya pili

Nimehamia magharibi. Mwaka 2012, kwa ombi la First Colony Foundation, taasisi inayowatafuta walowezi hao, wataalamu wa British Museum walimulika kwa taa viraka viwili vya karatasi ambavyo White alivibandika juu ya ramani yake. Chini ya kimojawapo kulikuwa na mchoro wa ngome, palepale unapoishia mto kuingia ghuba ya Albemarle. Ukiwa mchoraji wa ramani huwezi kulipita jambo hili kwa haraka. Kiraka huweza kubandikwa kwa sababu ya kawaida kabisa, yaani kusahihisha mstari uliokosewa, nami nimebandika vingi katika maisha yangu. Na ngome iliyochorwa 1585 au 1586 huweza kuwa pendekezo ambalo halikujengwa kamwe. Hata hivyo sehemu hiyo ilistahili kuchimbwa, na imechimbwa.

Mahali hapo, karibu na Salmon Creek katika wilaya ya Bertie, huitwa Site X, na umbali wa kilomita tatu hivi kuna Site Y, ambayo habari zake zilitangazwa mwaka 2020. Hawakupata kuta wala ngome. Walichopata ni vigae vya vyungu vya Kiingereza, vikiwemo vile vilivyofinyangwa mpakani mwa Surrey na Hampshire. Wachimbaji wanasema vyungu vya aina hiyo havikuendelea kuletwa katika koloni la Virginia baada ya kampuni ya Virginia kuvunjwa mwaka 1624, na kwamba vyombo vya kupikia na kuhifadhia ni dalili ya watu walioishi pale, wala si wapita njia. Wapinzani wao wanajibu kwamba Waingereza waliifikia sehemu hiyo katikati ya karne ya 17: mfanyabiashara Nathaniel Batts alikuwa na nyumba hapo, nayo imo katika ramani ya mwaka 1657. Chungu kizuri hukaa jikoni miaka 40 kikirithiwa, na kigae hakisemi kilivunjwa na nani.

Kwenye ramani nimepaweka alama ya kipini cha bluu, rangi niliyoichagua kwa "kitu cha wakati wake, lakini haijulikani kilifikaje".

Juni, wiki ya kwanza na ya pili

Hatteras ndiyo iliyochukua muda wangu mwingi. Baada ya kimbunga cha mwaka 1993 kufukua mabaki huko Buxton, David Phelps wa chuo kikuu cha East Carolina alianza kuchimba, na mwaka 1998 akatoa pete ya muhuri yenye sura ya simba. Iliaminiwa kuwa ya dhahabu, ikahusishwa na ukoo wa Kendall, na kwa karibu miaka 20 ikatajwa kama ushahidi mkubwa kupita wote. Mwaka 2017 ilipimwa kwa mionzi, ikaonekana ni shaba ya manjano, bidhaa ya kawaida ya biashara. Katika rasimu ya kwanza ya ramani pete hii ilikuwa na kipini chekundu, cha "ushahidi imara". Nimeking'oa.

Kisha walikuja Horton na chama cha wenyeji wa Hatteras, kuanzia mwaka 2009. Wamepata vitu vingi vya Ulaya vikiwa vimechanganyika na vigae vya wenyeji, mifupa ya samaki na maganda ya chaza, ikiwemo sehemu ya mpini wa upanga. Ugumu ni ule ule wa magharibi: upanga huuzwa, huokotwa, hutolewa zawadi. Kwa sababu hiyo habari iliyotangazwa mwaka 2025 imenivutia kuliko mpini wenyewe. Ni magamba ya chuma, yale yanayoruka mhunzi anapogonga chuma chekundu, na Horton anayaweka katika tabaka la karne ya 16. Magamba hayana thamani, hakuna anayeyanunua wala kuyabeba; huanguka pale pale penye kazi. Wenyeji wa pwani ile hawakuwa na ufundi wa kuyeyusha na kufua chuma. Kama tarehe ya tabaka ni sahihi, basi Mwingereza mwenye nyundo alisimama hapo, au mtu aliyefundishwa naye. Wanaakiolojia wengine wanasita, na wanadai kwanza waonyeshwe tanuri lenyewe. Dai hilo ni la haki. Mchanga wa Hatteras si kama Shanga, ambako sakafu za msikiti zimelaliana moja juu ya nyingine na chini ya msikiti wa mawe wakaonekana mashimo ya nguzo za msikiti wa miti. Kule Buxton, kaa, mizizi na dhoruba hushusha na kupandisha vitu bila kumwuliza mtu.

Kipini: njano, rangi mpya kati ya bluu na nyekundu. Nilikuwa sikuipanga.

Juni, wiki ya nne

Yale mawe yaitwayo ya Dare, yaliyojitokeza kuanzia mwaka 1937 yakiwa na maandishi yanayodaiwa kuwa ya Eleanor, sitayachora. Karibu yote yalithibitika kuwa ya kughushi mwaka 1941, na lile la kwanza, ambalo bado lina watetezi, halikupatikana katika uchimbaji, kwa hiyo halina tabaka.

Kinachostahili nafasi pembezoni mwa ramani ni pete za ukuaji za miberoshi ya kinamasi, ambazo huwa nyembamba mwaka wa ukame. Mwaka 1998 David Stahle na wenzake walitangaza kwamba miaka ya 1587 hadi 1589 ilikuwa mitatu mikavu kuliko mingine yote katika muda wa miaka 800. Kwa hesabu ya chakula, hakuna kijiji kimoja cha pwani ile ambacho kingeweza kuwapokea wageni zaidi ya 100 katika ukame wa namna hiyo. Ninaona wazi zaidi sasa kwa nini sehemu mbili za duara langu zinaweza kuwa na vigae vya kweli kwa pamoja: walowezi waligawanyika, kundi moja likafuata ukoo wa Manteo kisiwani na jingine likaelekea bara. Hilo ni wazo langu juu ya karatasi, ingawa wapo wachimbaji wanaolikubali.

Nimeongeza pia maneno ya John Lawson, aliyechapisha mwaka 1709 kwamba wenyeji wa Hatteras walimwambia baadhi ya wazee wao walikuwa watu weupe waliojua kusoma, na kwamba aliona macho ya kijivu miongoni mwao. Huko Pate nako simulizi husema watu wa Shanga waliingia Siyu, na ukoo wa Washanga upo. Mtu wa Siyu hawezi kukwambia kwamba watu wa Shanga walitoweka. Neno hilo huwafaa waliokuja kuwatafuta kutoka upande wa baharini, kama White alivyokuja, wakakuta nguzo na nyumba zilizobomolewa.

Julai, wiki ya kwanza

Kichwa cha ramani kilikuwa "Makazi Yaliyotoweka". Nimekifuta, nimeandika "Roanoke na maili 50, 1587". Vipini vimekuwa 11: viwili vyekundu, vyote vya karakana ya 1585, kimoja cha njano, vinane vya bluu. Kwa watu wa 1587 sina chekundu hata kimoja. Kazi iliyobaki ni ukingo wa kusini unaovutika, ambao utahitaji vituo vingine viwili vya bara, na mstari wa ufuo wa kaskazini wa Roanoke kama ulivyokuwa mwaka 1587, ambao nitauchora kwa penseli, tena nukta nukta.