Wakamkaribia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tusome 2 Wafalme 5, ila tusikimbilie Yordani. Wengi tunaruka moja kwa moja hadi Naamani, jemadari mwenye ukoma, anapojichovya mtoni mara 7. Mimi nimekwama mstari wa 13.

Naamani kakasirika. Jemadari mzima amefunga safari kutoka Shamu na fedha na mavazi, halafu nabii hata mlangoni hatoki, anamtuma mtu amwambie akaoge. Anaondoka kwa ghadhabu. Hapo watumishi wake wanamkaribia na kumwita "Baba yangu": kama nabii angekuagiza jambo kubwa usingelifanya? Sembuse kuoga!

Wakamkaribia. Nimekuwa muuguzi miaka 26, sehemu kubwa wodi ya wazazi hapa Dar, na hizo hatua tatu za kumfikia mkubwa mwenye hasira nazijua. Ni afadhali utembee kwa miguu kutoka Mbagala hadi Posta.

Lakini katika kisa changu mimi si mtumishi. Mimi ndiye Naamani.

Ilikuwa zamu ya usiku, kama saa 9. Wauguzi tulikuwa wawili, wodi imejaa, vitanda vingine vina wawili wawili. Mama mmoja alikuwa na kifafa cha mimba, yuko kwenye magnesia. Kwa wasio wa kazi hii: dawa hiyo huzuia degedege na imeokoa akina mama wengi, lakini ikizidi mwilini hulegeza misuli hadi mtu ashindwe kupumua. Mwili huitoa kwa mkojo. Kwa hiyo kabla ya kila dozi unahakikisha pumzi hazipungui 16 kwa dakika, goti ukiligonga linaruka, na mkojo wa saa 4 zilizopita haupungui mililita 30 kwa saa.

Nilishavuta dawa kwenye bomba la sindano. Binti mmoja, hata miezi mitatu kazini hajamaliza, akasimama upande wa pili wa kitanda.

"Mama, samahani. Mkojo."

"Umefanya nini?"

"Haujafika, mama."

Nilimjibu vibaya. Sitaandika nilichosema, hii ni tafakari. Hakuondoka. Aliinama, akaunyanyua mfuko wa mkojo hadi kwenye mwanga: mililita 60 kwa saa 4, pahali pa 120. Nikagonga goti kwa ukingo wa kiganja. Kimya. La pili, kimya. Nikaweka bomba chini, tukamwita daktari.

Yule mama alirudi nyumbani na mtoto wake. Asubuhi kwenye makabidhiano ya zamu nikasoma: dozi ya saa 9 imesitishwa, mkojo mdogo. Aliyeuona ni nani, sikusema. Naye alikuwa nyuma yangu, ameshika faili.

Ilinichukua muda kulitubu hilo, maana sikuwa nimesema uongo wowote.

Katika sura hii msaada unatoka chini mara mbili: kwanza kwa binti mateka aliyetaja habari za nabii, kisha kwa watumishi, na hakuna hata mmoja aliyetajwa jina. Tunapenda kuwasifu kwa ujasiri. Sawa, lakini kama usiku ule angepangwa mwoga? Wauguzi wengi hawanyamazi kwa kutojali. Walishasema siku moja, wakaulizwa, "Kwani wewe ndiye daktari?" Au waliandika ripoti ya tukio, wakarudishiwa barua ya kujieleza.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi ya upasuaji. Kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo thieta anataja jina na kazi yake, na wauguzi wanapewa nafasi ya kusema kama kuna lolote linalowatia wasiwasi. Wanaulizwa! Hawahitaji kumkatiza mtu. Mimi naona neema katika karatasi ile, ingawa sidhani walioiandika walikuwa wakimfikiria Naamani.

Kwa hiyo nilipokuwa inchaji, yaani msimamizi wa wodi, tuliiga. Makabidhiano yalianza na aliye mdogo kuliko wote, mwanafunzi akiwepo ni yeye kwanza: nini kimekutia wasiwasi usiku? Wiki mbili za mwanzo jibu lilikuwa "hakuna, mama," macho chini. Ya tatu mmoja akasema kuna vichupa vya dawa mbili tofauti vinavyofanana, na vimekaa droo moja. Tulivitenganisha kabla ya chai. Siku hiyo pia nilimwomba radhi yule binti, mbele ya wenzake, nikawaeleza habari za mkojo.

Siku hizi naye ni inchaji, hospitali nyingine. Juzi kanipigia: kuna mwanafunzi kamsahihisha mbele ya mgonjwa, na mwanafunzi ndiye aliyekuwa sahihi.

"Ukafanyaje?"

Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Kwanza nilikasirika, mama."