Nilivyoacha kuifuatilia Chelsea na bado nikabaki na washkaji pamoja na mjomba

Naandika hii kwa wale ambao mzuka wa mpira wa Ulaya umeanza kuwaishia na hawajui waanzie wapi, maana mtaani kwetu mpira ndo salamu, unakutana na mtu hamjaonana mwaka mzima anaanza na "vipi, jana mmekula ngapi" halafu ndo anaulizia watoto. Kwa hiyo kuacha mechi ni rahisi kabisa, ugumu upo kwa watu, utaongea nao nini.

Mi nilikuwa Chelsea damu. Nilianza ule mwaka Drogba anatoka Marseille, 2004, akaja kocha Mourinho, msimu huo huo wakachukua ligi ya kwanza baada ya miaka 50 wamefungwa magoli 15 tu msimu mzima. Aliyenitia humo ni mjomba wangu wa Tanga, mdogo wake mama, na kilichotushika wote wawili ni wale vijana wa Afrika, Drogba, Essien, Kalou, Mikel, unaangalia timu ya London unaona kama watu wako. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kule Munich 2012 nilikuwa banda umiza moja la Tandika, yale mabanda ya kulipia kuangalia mpira, Bayern wamepata goli dakika ya 83 watu wa timu zingine wameshaanza kutuimbia, dakika ya 88 kona ya Mata, Drogba kichwa, aisee lile banda sijui halikuangukaje. Mjomba akanipigia simu hapo hapo tukawa tunapiga kelele tu hakuna anayemsikia mwenzie. Ile furaha ilikuwa ya kweli na mpaka leo siitupi.

Sasa ilianza kupungua lini? Siwezi kutaja siku. Ila najua mambo yaliyochangia, na nayasema kwa sababu kuna watu wanadhani ukipoa ni kwa vile timu inafungwa, mimi haikuwa hivyo.

La kwanza ni VAR, yani marefa wanaokagua tukio kwenye video, England ilianza msimu wa 2019/20. Zamani goli likiingia mabenchi yanaanguka, soda ya mtu inamwagika hakuna anayelalamika. Siku hizi goli likiingia watu wananyanyuka nusu nusu, magoti bado yamekunja, wote macho kwa refa kashika sikio, wanachorewa mistari kwenye bega la mtu, dakika zinapita ndo wanaambiwa goli halali, ukishangilia hapo unashangilia kitu kimeshapoa. La pili ni mikeka ya kubeti. Jamaa wa Chelsea mwenzangu kabisa, tunaongoza moja bila zimebaki dakika tano, yeye anaomba wapinzani warudishe kwa sababu kaweka GG, yani kabeti timu zote mbili zitafunga. Mwingine anashangilia kona. Nikawa naangalia banda zima nahesabu watu wangapi wamekuja kuangalia timu yao na siwaoni.

Lakini kilichonimaliza hasa ni biashara yenyewe ilivyogeuka. Timu imeuzwa 2022 baada ya mwenye timu Abramovich kuwekewa vikwazo, wenye timu wapya wakaja wakamwaga zaidi ya pauni bilioni moja kwenye usajili. Enzo Fernandez pauni milioni 106.8, mkataba miaka minane na nusu. Mudryk naye miaka minane na nusu. Nikajiuliza mbona mikataba mirefu hivi, nikakaa nikasoma, kumbe kwenye vitabu ile bei ya kumnunua mchezaji inagawanywa kwa miaka ya mkataba, yani ile milioni mia na kitu ukiigawa kwa nane na nusu inaonekana kama milioni 12 na nusu kwa mwaka, ndo maana UEFA, wasimamizi wa mpira wa Ulaya, wakaja kuweka ukomo wa miaka mitano kwenye kuigawa bei hiyo. Halafu upande wa pili mchezaji uliyemlea mwenyewe hukumnunua, ukimuuza hela yote inaandikwa faida. Hapo ndo nikaelewa kwa nini Mason Mount ambaye yupo pale tangu ana miaka sita kauzwa Man United 2023, na Conor Gallagher, mtoto wa academy, sehemu kubwa ya msimu anavaa kitambaa cha unahodha, 2024 kapelekwa Atletico Madrid. Yani yule unayempenda zaidi kwa sababu ni wa nyumbani ndo hesabu inamtaka atoke kwanza. Sheria hawajavunja hapo, sisemi wamevunja, ila mimi nilipenda watu, na watu wakawa hawakai.

Ikafika July 2025 fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, Chelsea na PSG, Marekani kule, kwetu saa nne usiku. Chelsea kashinda 3-0, Palmer mawili, Joao Pedro moja. Nilikuwa nimelala. Asubuhi nimeona kwenye simu, nikaiweka simu pembeni nikaenda kazini. Timu yangu bingwa wa dunia na moyo haujashtuka hata kidogo, hapo nikajua hili limeisha, sio hasira, sio kususa.

Sa nilifanyaje.

Kwanza sikutangaza. Ukitangaza unakuwa mada, kila ukipita unaitwa msaliti, na utajikuta unabishana usiku kucha kutetea kitu ambacho ni cha moyoni mwako. Kwenye magroup ya mpira nimeweka mute sijaleft, kwa sababu mle mle ndo misiba na harusi zinatangazwa. Kifurushi cha king'amuzi kilipoisha sikulipia kile kikubwa, nikabaki na cha bei ya chini, mke wangu aliuliza kulikoni nikamwambia ukweli akasema haya.

Pili, na hili ndo nawashauri zaidi, panga kitu cha Jumamosi jioni kabla hujaacha. Mechi kwetu ni saa kumi na moja jioni, kule kwao kukiwa na baridi inakuwa kumi na mbili, ule muda mwili wako umeshauzoea, ukiuacha wazi miguu itakupeleka bandani yenyewe. Mi nilirudi kwenye drafti. Nje ya banda kuna kijiwe cha kahawa na kashata, wazee wanacheza pale, nikawa nafika mapema na washkaji tunapiga stori, mechi ikianza wao wanaingia ndani mi nakaa na wazee kwenye kete, mapumziko wanatoka tunaendelea tulipoishia. Wiki za mwanzo waliniita ita, baadaye wakazoea. Na nimegundua wengi wao stori wanazotaka kuongea na mimi sio za mpira hata, mmoja alinieleza habari ya kiwanja chake Chanika wakati wenzie wako ndani, kitu ambacho miaka yote tumekaa benchi moja hajawahi kunigusia. Jumapili asubuhi nacheza na maveterani wa mtaa, hapo ni jasho na vicheko, basi.

Aliyekuwa ananiumiza kichwa ni mjomba. Kila Jumapili anapiga. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mjomba, jana umewaona vijana?" Na mimi miezi kadhaa nikawa nasoma matokeo ili niwe na la kumjibu. Mwishowe nikamwambia, mjomba samahani, mi siku hizi siangalii, naona mapenzi yameisha. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mimi Coastal ilinitoka hivyo hivyo."

Jamani Coastal Union ni timu ya Tanga, na mjomba alikuwa anakwenda uwanjani Mkwakwani kila mechi. Coastal Union bingwa wa nchi 1988 yeye kijana mbichi, hiyo stori nilikuwa naisikia juu juu tu. Na 2016 Tanga timu zote tatu zikashuka daraja msimu mmoja, Coastal, African Sports na Mgambo, anasema alipoona vile akaacha hata kuuliza matokeo, Coastal ikaja kurudi 2018 yeye moyo ulikuwa umeshaondoka. Hakumwambia mtu. Tukaongea siku ile muda mrefu sana, akanieleza Tanga ilivyokuwa siku Wagosi wa Kaya, yani Coastal, wanacheza na Kimanumanu, yani African Sports, mji unagawanyika, ndugu wanakula meza tofauti. Sasa Jumapili bado anapiga, Chelsea ananisimulia yeye, mimi namuuliza ya Mkwakwani, na simu zetu zimekuwa ndefu kuliko zamani.

Na mpira wenyewe sijauchukia. August 2, 2025 nilikuwa uwanja wa Mkapa, Taifa Stars na Burkina Faso, ufunguzi wa CHAN, tumeshinda 2-0 na sauti nilirudi sina. CHAN ni mashindano ya timu za taifa za Afrika, wanacheza wa ligi za ndani peke yao, wale vijana nawajua walikotoka, nikiwaona najua nashangilia nani. AFCON ya 2027 inakuja kwetu na Kenya na Uganda, mjomba kashasema anakuja Dar.

Limebaki moja, mwanangu. Ana miaka tisa na ameanza kumtaja Palmer kila saa, shuleni kwao wote ni hivyo. Shemeji zangu waliniambia mueleze mapema biashara ile ilivyo asijeumia. Nimekataa. Nimemnunulia jezi Kariakoo, mechi zikionyeshwa mchana kwa jirani nampeleka na nakaa naye, akiniuliza yule namba fulani ni nani na mimi simjui tunatafuta kwenye simu pamoja.