Vikombe vya Sista na barua za limau

Sista wa mwisho kufundisha shuleni kwetu alistaafu nikiwa na mwaka wa nne pale. Tulimwimbia, tukamfunga leso mbili mabegani, gari likatoka langoni. Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu akaniita ofisini. "Mwalimu, wewe ndiwe wa somo la Dini. Mambo ya Mary Ward sasa yako mikononi mwako."

Mimi si mtawa. Nina mume na watoto wawili, na wala sikusoma Loreto. Masista wa Loreto, watawa wa Kikatoliki wanaomfuata Mary Ward na walioianzisha shule yetu, waliingia Kenya mwaka 1921, na kwa miaka mingi hakuna aliyehitaji kuuliza karama yao, yaani roho ya shirika lao, ni ipi, maana waliishi humo humo shuleni na wasichana waliwaona asubuhi hadi usiku. Sasa darasani tuko walimu walei, Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu, na mtawa tunamwona siku ya mkutano wa bodi. Niliogopa sana kwamba jambo hili lingefia mikononi mwangu.

Nikaanza kwa njia niliyoijua: nikaandika notisi za somo. Mary Ward alizaliwa mwaka 1585 huko Yorkshire, Uingereza, wakati Wakatoliki wa nchi ile wakiteswa kwa imani yao. Mwaka 1609 akaanzisha jumuiya ya wanawake mjini Saint-Omer, ambao leo uko Ufaransa. Walifundisha wasichana, wakakataa kufungiwa ndani ya kuta za konventi, na walitaka kuishi kwa utaratibu wa Wajesuiti, shirika la watawa wa kiume. Mwaka 1631 Papa Urban VIII akalifuta shirika lake, na mama huyu akafungiwa mjini Munich, Ujerumani, kama mzushi wa imani. Ilipita hadi 1909 ndipo Kanisa likaruhusu aitwe mwanzilishi. Jina la Loreto lilikuja baadaye, kupitia tawi lililoanzishwa Ireland na Teresa Ball. Nikaongeza kwamba Mama Teresa wa Calcutta alikuwa mtawa wa Loreto kabla ya kuanza kazi yake mwaka 1948, na kwamba Wangari Maathai alisoma Loreto Limuru. Hapo darasa zima liliinua vichwa.

Wiki ya Mary Ward huadhimishwa kuanzia Januari 23, siku aliyozaliwa, hadi 30. Mwaka ule tuliifunga kwa shindano la maswali. Kidato cha Pili walishinda, wakala keki, nami nikalala usingizi mzuri.

Siku nne baadaye nilikutana na msichana wa kidato hicho hicho amesimama nje ya bweni na sanduku lake. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Siendi, Mwalimu. Ndiyo narudi." Alikuwa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya karo. Shindano lilifanyika hayupo, keki ililiwa hayupo. Mimi nilikuwa nikiingia darasani kwao mara tatu kwa wiki na sikuwa nimeona. Hata wenzake hawakuwa wamesema lolote.

Jumamosi nilipanda matatu hadi nyumba ya masista wazee. Nilimweleza Sista yote, kisha nikamuuliza ilikuwaje yeye akawa anajua kila mara nani hayupo. Akanijibu, "Nilikuwa nahesabu vikombe."

Nikakumbuka. Kila saa kumi, wakati wa chai, alikuwa anapita polepole kati ya meza za bwalo, mikono nyuma. Sisi tulidhani ananyoosha miguu. Kumbe alijua kila meza ina vikombe vingapi, na kikombe kilichobaki kimefunikwa alikiendea. Kisha akatoa kwenye kitabu chake cha sala kadi iliyoandikwa maneno ya jiwe la kaburi la Mary Ward, lililoko Osbaldwick karibu na York: kuwapenda maskini, kudumu katika hilo, kuishi, kufa na kufufuka pamoja nao, hilo ndilo lililokuwa lengo lake lote. Nilikuwa nimeyaweka maneno hayo kwenye notisi, ukurasa wa tatu.

Niliporudi nilifuta ratiba yangu karibu yote. Nilibakiza jambo moja kutoka Roho ya Wajesuiti ambayo Mary Ward aliipigania: kujichunguza kila siku. Baada ya masomo ya jioni, kabla ya kwenda mabwenini, dakika tano za kimya na maswali matatu. Leo nimepokea nini cha kushukuru? Wapi sikuwa vile ninavyoonekana? Swali hilo la pili ni lake mwenyewe, maana mwaka 1615 aliandika kwamba tuwe vile tunavyoonekana na tuonekane vile tulivyo. La tatu tuliliongeza sisi: nani hayupo?

Nilitarajia walimu wasio Wakatoliki wakatae. Mwalimu wa Hisabati, dada Mwislamu kutoka Mombasa, aliniita pembeni akaniambia, "Kwetu hii ni muhasaba. Mtu kuihesabu nafsi yake kabla hajahesabiwa. Niwekee zamu ya Jumanne." Hajaikosa Jumanne hata moja. Yeye ndiye aliyependekeza walimu wapya wasipewe hotuba siku ya kwanza, bali wapewe zamu ya chai, wapite na kuhesabu.

Jambo lililowashika wasichana kuliko yote, hata hivyo, ni limau. Akiwa kifungoni Munich, Mary Ward aliwaandikia wenzake kwa maji ya limau kwenye karatasi za kufungia vitu, wao wakazisoma kwa kuzipasha moto. Januari iliyofuata nilinunua malimau sokoni, tukayakamua kwenye visahani, tukazungushia pamba kwenye njiti za kiberiti. Kila mmoja aandike kwa mtu ambaye hayupo. Karatasi ilipokauka haikuonyesha kitu. Kisha tukaleta pasi ya bweni. Maneno yalijitokeza polepole, rangi ya chai ya rangi, na chumba kikanyamaza chenyewe. Wengine waliomba wasizipige pasi barua zao. Niliwaacha waondoke nazo hivyo hivyo, nyeupe.

Si kila kitu kimekwenda. Neno "uhuru", mojawapo ya maadili yaliyochorwa ukutani kwetu, bado nalifundisha vibaya. Wasichana wanasikia siasa, ilhali Mary Ward alimaanisha moyo usioshikwa na kitu kiasi cha kushindwa kumfuata Mungu. Na dakika tano wakati wa mitihani hugeuka mbili.

Yule msichana wa sanduku walimu tulimchangia, na bodi ikakubali salio lilipwe kidogo kidogo. Mwaka huu yuko Kidato cha Nne. Ndiye aliyeandika barua ya darasa kwa Sista, ya limau, bila maelezo yoyote. Wiki mbili baadaye ikaja bahasha yenye karatasi tupu. Tuliipiga pasi juu ya meza ya walimu, wote tumeinama. Mwandiko ulikuwa wa mtu mzee, unaoteremka upande wa kulia: "Meza ya mwisho, karibu na dirisha, mko wangapi siku hizi?"

Msichana alikimbia bwaloni kuhesabu.