Magna Carta: meno yalikuwa kifungu cha 61

Juni 1215, pale Runnymede, Mfalme John wa Uingereza alibanwa na mabaroni wake (makabaila wenye ardhi) hadi akaidhinisha Magna Carta, mkataba wa kuwekea mipaka mamlaka ya mfalme. Wengi hunukuu kifungu cha 39, kwamba mtu huru hafungwi bila hukumu ya wenzake au sheria ya nchi. Sawa, lakini nani angemlazimisha mfalme? Hapo ndipo kifungu cha 61 (namba ziliwekwa baadaye) kinapoingia. Mabaroni 25 wanachaguliwa; mfalme akikiuka, wanne kati yao wanampelekea malalamiko. Siku 40 zikipita bila marekebisho, wote wanaruhusiwa kukamata ngome na ardhi zake, ila yeye, malkia na watoto wasiguswe.

Agosti, Papa Innocent III akaubatilisha mkataba, vita vikazuka. Toleo la 1225, lililotolewa na Henry III, mwana wa John, ili akubaliwe kodi ya 1/15 ya mali zinazohamishika, halikuwa tena na kifungu hicho.