Hata kama huna cha kuficha

Hii kauli ya "mimi sina cha kuficha" naisikia kila mjadala wa faragha ukizuka, na wanaoisema wengi wao ni watu wazuri tu, hawana kesi, hawana deni la mtu, ndo maana siwezi kuwabeza. Wanachomaanisha ni kwamba faragha ni ya mwenye kosa. Lakini jamani, vitu vingi tunavyovisitiri wala sio makosa. Mtu anafunga mlango wa bafu na kila mtu anajua anafanya nini mle ndani. Hakuna anayesimama hadharani kutangaza majibu yake ya hospitali, dua anayoomba usiku, au maneno waliyoambiana na mwenzake baada ya kugombana. Hakuna dhambi yoyote hapo ila ni vyake, na mtu asiyebakiwa na chochote kilicho chake peke yake anakuwa amevuliwa nguo mbele za watu.

Nina rafiki yangu mimba yake iliharibika, akamwandikia mtu mmoja tu. Mmoja. Yule mtu hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alipiga skrinishoti akaituma kwenye grupu la watu wanaompenda huyu dada ili wamuombee. Kufika jioni meseji za pole zikawa zinamiminika, wafanyakazi wenzake, watu wa ukoo, mpaka watu ambao hawajawasiliana miaka, kila mmoja na maneno mazuri kabisa, na yeye kila ikiingia meseji analia upya kwa sababu sasa inabidi ajibu, ashukuru, aeleze ilikuwaje, wakati yeye mwenyewe bado hajaelewa ilikuwaje. Nimelifikiria sana hili tukio kwa sababu halina adui ndani yake. Hakuna aliyemsema vibaya. Hakuna aliyemuibia pesa. Alichonyang'anywa ni uamuzi wa nani ajue, lini, na kwa maneno gani, na hicho ukishanyang'anywa hakirudi, huwezi kumwambia mtu asahau alichokisoma.

Kuna mwanafalsafa wa Marekani anaitwa James Rachels, mwaka 1975 alitoa hoja ambayo kwangu ndo imelieleza hili vizuri kuliko zote. Anasema ule uwezo wetu wa kuamua nani ajue nini kuhusu sisi ndo unaotuwezesha kuwa na mahusiano ya aina tofauti na watu tofauti. Daktari wako anajua kitu ambacho bosi wako hakimhusu, mama yako anajua kingine, rafiki yako wa tangu utotoni anajua kingine kabisa, na huo sio unafiki, kila mmoja anapewa kinachoendana na mlivyo. Sasa chukulia kila mtu anajua kila kitu. Ukitaka kumuonyesha mtu kwamba unamuamini utampa nini? Siri unayomwambia mtu ina uzito kwa sababu wengine hawana, na ikiwa iko wazi kwa dunia nzima basi rafiki wa karibu na mpita njia wote wamelingana. Watu wanadhani faragha inatutenganisha na wenzetu, mimi naona bila hiyo hakuna ukaribu wa kweli na mtu yeyote.

Na hili sio jambo la jana. Mwaka 1890 wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala kwenye jarida la sheria la Harvard wakitetea haki ya mtu kuachwa kwa amani, na kilichowasukuma ni kamera mpya za kupiga picha papo hapo pamoja na magazeti ya umbea. Kamera na umbea, yani karne na zaidi imepita na kelele ni zilezile. Mwaka 1948 Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likaliweka kwenye ibara ya 12, na ukiisoma utaona imetaja pamoja faragha, familia, nyumba, mawasiliano, heshima na jina zuri la mtu. Hayo yote waliyaona ni kitu kimoja.

Alafu kuna Uholanzi. Kabla ya vita vya pili vya dunia Waholanzi walikuwa na rejista ya wakazi iliyopangwa vizuri mno, na dini ya mtu ilikuwa imeandikwa humo, kwa kazi za kawaida za utawala tu. Mwaka 1940 Wajerumani wakaivamia nchi na wakazikuta kumbukumbu ziko tayari. Takriban robo tatu ya Wayahudi wa Uholanzi waliuawa, na ingawa sababu zilikuwa nyingi ile rejista ilirahisisha kazi ya kuwatafuta, ndo maana mwezi Machi 1943 wapinzani wa utawala ule walivamia jengo la rejista pale Amsterdam wakalichoma ili makaratasi yateketee. Aliyetaja dini yake kwa karani kabla ya vita hakuwa na cha kuficha. Taarifa ilikuwa ileile, aliyeishika ndo alibadilika. Mimi nikiulizwa kwa nini nasumbuka na fomu na apu zinazotaka kujua kila kitu, jibu langu ni hilo, simuogopi anayeuliza leo, simjui atakayezikuta kesho.

Kingine kinachonikera kwenye "sina cha kuficha" ni kwamba mtu anajisemea yeye lakini anawaamulia na wenzake. Skendo ya Cambridge Analytica (kampuni ya Uingereza ya ushauri wa kampeni za siasa) iliyolipuka mwaka 2018 ilitokana na apu ya maswali ya kupima tabia, waliojiunga nayo walikuwa kama laki 3 hivi, lakini Facebook yenyewe ikaja kukiri kwamba data za watu hadi milioni 87 huenda zilichukuliwa, maana apu ilikuwa inavuta na taarifa za marafiki. Wale mamilioni hawakubonyeza kitu. Na ndivyo ilivyo kila siku, apu inaomba kusoma namba zote kwenye simu yako, unakubali, na humo kuna namba ya mtu anayemkimbia mume anayempiga.

Hapo kwenye kupigwa nisipite haraka, kwa sababu kuna watu wanaichukia faragha kwa sababu ya maana kabisa. Miaka na miaka wanawake na watoto wameumizwa huku wakiambiwa mambo ya ndani yaishie ndani, na jirani anayesikia kilio ananyamaza eti anaheshimu nyumba ya watu. Nawaelewa na nawaunga mkono. Ila kwangu faragha ni ya mtu, sio ya nyumba wala ya kichwa cha nyumba. Anayepigwa naye ana yake, na humo ndani kuna haki ya kuamua kusema, kwa nani, na haki ya kuongea na simu bila mtu kuipekua. Wanaume wengi wanaodai "mambo yetu ya ndani" ndo haohao wenye pasiwedi ya simu ya mke, sasa hapo faragha ya nani inalindwa?

Watoto ndo wananiumiza kichwa kuliko wote. Mtoto hajaanza kusema lakini picha zake akiwa uchi kwenye beseni, akiwa mgonjwa, akilia kwa hasira, ziko kwenye simu za watu ambao hatakaa awajue. Nyumbani tulikubaliana haziendi mtandaoni mpaka mwenye sura yake aweze kusema ndiyo au hapana, na wengi wametuelewa. Tatizo ni bibi yake, anayempenda mjukuu kupita maelezo na furaha yake yote ni kumuweka status, na nikimwomba aitoe anaitoa palepale bila kubisha ila sauti yake inabadilika, anahisi kama namkataza kumpenda mtoto. Sijapata namna ya kumweleza akaelewa bila kuumia, kwa hiyo kama kuna mliofanikiwa kwa wazazi wenu naomba mniambie mlianzaje hayo mazungumzo.